Kulia ya Mzee Abubakary

Akelo Otuoma ana mdomo, na hilo tuliseme mapema ili baadaye mtu asije akashangaa. Ni mama wa Kijaluo kutoka Rorya, mkoani Mara, aliyeletwa Mwanza na ndoa. Mume akafariki, yeye akabaki Kiseke na binti yake Princess, na kazi iliyowaweka mjini ni moja tu: Akelo anaendesha boti ya abiria kutoka ufukwe wa Igombe kwenda kisiwa cha Nyamkala na kurudi. Anaendesha mwenyewe, amekaa nyuma, kashika mkono wa injini, na asiyetaka kuvaa jaketi la kuokolea hushushwa hata kama ni mchungaji. Amewahi kumshusha mchungaji kweli. Wa kanisa lake.

Boti si yake. Ni ya Bimdogo, mama wa mjini mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mkuyuni, mpole wa maneno lakini akishaamua ameamua. Na mbele kabisa ya boti hukaa Mzee Abubakary, mjomba wake Bimdogo, ambaye kazi yake ni macho na koo. Aliye nyuma kwenye injini haoni kilichopo chini ya pua ya boti, na upande ule wa Igombe una mawe, tena mawe yenye hila, mengine yamezama kidogo tu, mengine yamefunikwa na gugumaji. Basi Mzee Abubakary hutazama na kupaza sauti. Na ana sauti, jamani! Wanawake wanaoanika dagaa ufukweni walikuwa hawana haja ya kutazama maji kujua boti inarudi. Walimsikia mzee kwanza, wakabandika chai, halafu boti ikatokea.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana mambo yote yamekaa kwenye neno moja. Injini ya kubandika nyuma ya boti haina usukani wa kuzungusha. Ina mkono, na mkono huo ni mbishi: ukiusukuma kulia, boti inakwenda kushoto, ukiusukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Mzee Abubakary alipoanza kufundisha watu kazi aliona wanachanganyikiwa, wanakaa kufikiri huku jiwe linakuja. Akaamua kuwarahisishia. Yeye hasemi boti iende wapi; anasema mkono wa injini uende wapi. Akipiga kelele “Kulia!”, sukuma mkono kulia, basi, usiulize maswali. Boti itakwenda kushoto na jiwe utaliacha salama. Wote waliopita mikononi mwake wanaendesha hivyo, na Akelo ndiye aliyeiva kuliko wote. Neno la mzee halijamaliza kutoka, mkono wake umekwisha kwenda.

Hakuna aliyeona shida yoyote, mpaka Bimdogo aliponunua boti mpya.

Ilikuwa boti ya fiba, nyeupe pe, viti vyenye mito, paa la turubai, na usukani wa kuzungusha kama wa gari. Ubavuni imeandikwa Tulia. Bimdogo alikuwa na mipango yake: siku za kazi ibebe abiria wa Nyamkala, Jumapili itembeze maharusi na wageni wanaotaka kupiga picha na kutazama ndege. Akelo alipoiona aliizunguka mara mbili, akaipapasa, akakaa kwenye kiti cha nahodha bila kukaribishwa.

“Mama Princess,” Bimdogo akamwambia taratibu, “hiyo bila leseni huigusi. Wakaguzi wamenieleza wazi: nahodha asiye na cheti, boti haitoki. Kuna mafunzo mjini, na baada ya mafunzo kuna mtihani. Nenda, nakulipia mimi. Ukifaulu, usukani ni wako.”

“Na nisipofaulu?”

Bimdogo akamtazama kijana aliyekuwa akifuta viti. Kijana huyo, Elias, alikuwa ametoka Dar na leseni yake mfukoni, mtu wa heshima na adabu, wala hakuwa na ubaya na mtu.

“Usipofaulu Elias ataendesha. Wewe utakata tiketi.”

Kukata tiketi! Yeye! Akelo alishuka kwenye kile kiti akaenda zake kupakia magunia ya watu. Usiku huo alimweleza binti yake kila kitu, na hakuficha: aliogopa. Kusoma aliachia darasa la saba, na mtihani wa mwisho aliofanya ulikuwa huo huo wa darasa la saba, akafeli.

Mafunzo yalikuwa Nyamagana, kwenye ukumbi mmoja juu ya duka la simu. Wanafunzi wengi walikuwa wavuvi, wawili watatu wa hoteli za ufukweni, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Mwalimu aliitwa Masele, mtu mwembamba anayefundisha kwa kutembea. Siku ya kwanza Akelo alikaa nyuma amenuna, akisubiri kuambiwa mambo anayoyajua. Mengine aliyajua kweli: kusoma mawingu, kupanga uzito, kuyakabili mawimbi bila kuwamwagia abiria maji. Lakini Masele alipozima taa za ukumbi na kuwasha vitaa viwili, kimoja chekundu na kimoja cha kijani, Akelo akanyanyua kichwa.

“Hivi ni vya boti inayokuja usiku,” Masele alisema. “Chekundu kiko upande wake wa kushoto, cha kijani upande wake wa kulia. Ukiviona vyote viwili kwa pamoja, anakujia wewe uso kwa uso. Ukiona kimoja tu, unajua amekupa ubavu gani, na unajua nani ampishe mwenzake.”

Miaka yote Akelo amekuwa akipita kwenye giza la alfajiri akiona vitaa vya watu na kudhani ni mapambo. Mara ngapi kaponea chupuchupu na hajui? Kuanzia siku ile alihamia kiti cha mbele. Aliuliza maswali mpaka wavuvi wakaanza kuguna, naye akawageukia akawaambia anayetaka kwenda kula chipsi mlango uko wazi.

Tatizo lilikuwa kuyashika kichwani. Nyekundu kushoto, kijani kulia. Akilala anachanganya, akiamka amesahau. Princess, ambaye anafanya kazi saluni pale pale Kiseke, akamshika mikono akamkalisha kwenye kigoda. Alipomaliza, kucha za mkono wa kushoto wa mama yake zilikuwa nyekundu, na za mkono wa kulia zilikuwa kijani kibichi kama jani la mgomba.

“Weee, Princess! Mimi niende kanisani hivi?”

“Kanisani vaa glavu. Mtihani utafaulu.”

Na mtihani wa kuandika alifaulu. Wavuvi walimcheka kuona mtu mzima anatazama kucha kabla ya kujibu, lakini matokeo yalipobandikwa ukutani kicheko kilihamia kwake. Alimpigia Bimdogo simu kutoka ngazini, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Ikabaki majini. Mtihani wa majini ulifanyika kwa boti ya mafunzo, ndogo, yenye injini ya mkono ile ile aliyoizoea, kwa hiyo Akelo alipanda amekunja mikono ya blauzi kama anayekwenda kusonga ugali. Mtahini alikuwa mama mwenye miwani na sauti ndogo, jina lake Kija. Aliketi mbele, akalitazama ziwa, akaanza kutoa maelekezo moja moja. Washa. Ondoa. Punguza mwendo. Yote sawa. Kisha mbele yao ukaonekana mtumbwi wa mtu anayevua kwa ndoana.

“Geuza kulia,” Kija alisema.

Nadhani umeshajua. Akelo alisikia neno, na mkono wake ukaenda kama ulivyofundishwa na Mzee Abubakary. Mkono wa injini kulia, boti kushoto, moja kwa moja kwenye ule mtumbwi.

“Kulia, mama! Kulia!”

Akausukuma mkono kulia zaidi. Mwenye mtumbwi aliacha ndoana, akasimama, akaanza kutukana kwa Kisukuma. Kija aliinuka na kumwonyesha kwa kidole, ndipo Akelo akazima injini, na boti ikausugua mtumbwi ubavuni, taratibu, bila madhara yoyote isipokuwa aibu. Samaki mmoja aliyekuwa ameshavuliwa akapata nafasi akarukia majini.

“Unaendesha vizuri,” Kija alimwambia walipofika, na hakuwa anakejeli. “Ila nikikwambia kulia unakwenda kushoto, na nikirudia unakwenda kushoto zaidi. Siwezi kukupa watu. Utarudia mara moja, kwa boti utakayoifanyia kazi, na uje na mtu wako wa mbele. Ukishindwa tena, unaanza mafunzo upya mwakani.”

Mwakani maana yake ni tiketi. Akelo aliposimulia jambo hilo jioni kule Igombe alijaribu kulifanya mzaha. “Akaniambia kulia, nikaenda kushoto, halafu nikalia.” Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, halafu machozi yakamtoka kweli mbele yao wote, akaondoka kuelekea kwa Mzee Abubakary aliyekuwa anatawadha nyuma ya kibanda.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umefaulu?”

“Umenifundisha uongo!”

Mzee akaweka kopo chini. Akelo akamwaga yote, mtumbwi, samaki, mama wa miwani, na kadiri alivyosema ndivyo sauti ilivyopanda. Mzee alisubiri hadi mwisho. Kisha akajibu kwa ile sauti yake ya ziwani, ingawa walikuwa wamesimama hatua chache tu.

“Uongo? Nimewahi kukupandisha kwenye jiwe mimi? Hata siku moja?”

“Hapana, mzee.”

“Basi uongo uko wapi? Mimi naongea na mkono wako. Yeye anaongea na boti. Mwambie ajifunze.”

“Hajifunzi yeye, tunajifunza sisi! Na Tulia ina usukani, mzee. Usukani ukiuzungusha kulia, boti inakwenda kulia. Ukiniitia kulia yako kule, utanivunjia boti kwenye jiwe mchana kweupe. Nakuomba. Njoo na mimi kwenye mtihani, wewe ndiye unayeyajua mawe. Ila ukisema kulia, iwe kulia ya boti.”

Uso wa mzee ukasawijika.

“Nimeita hivi tangu nywele zangu nyeusi, Akelo. Mdomo wangu umekwisha kukauka kwa umbo hilo. Jiwe likitokea, sitakuwa na muda wa kuuliza neno lipi ni la nani. Litatoka lile lile. Mchukue Elias.”

“Elias ndiye atakayekaa kwenye kiti changu nikifeli!”

“Basi nenda peke yako.”

Alimwacha hapo, akaenda kuswali. Akelo alirudi Kiseke na hasira, na katikati ya hasira alimwonea mzee huruma, jambo lililomwongezea hasira.

Baada ya hapo alijifunza upya kama mtoto anayejifunza kula. Kila alfajiri alichukua Tulia, Elias amekaa pembeni na leseni yake kama sheria inavyotaka, wakaenda mahali pasipo na mawe. Elias akisema kulia, Akelo anatazama kucha za kijani, anazungusha upande huo. Hata jikoni Princess alimvizia. “Mama, chumvi, kushoto!” Akikosea, Princess anagonga sufuria kwa mwiko. Mzee Abubakary aliendelea na boti ya zamani, sasa ikiendeshwa na mwanafunzi wake mwingine, na kelele zake za “Kulia!” zilimfikia Akelo juu ya maji kila siku. Kila zilipomfikia, mkono wake ulitaka kwenda kule kwa zamani. Alikuwa anaushika kwa mkono wa pili.

Tuseme ukweli, Elias alimsaidia vizuri. Ilipofika siku yenyewe alikuja amevaa jaketi, tayari kukaa mbele. “Dada Akelo, usiwe na wasiwasi na mimi,” alisema. “Nitakuitia vizuri.” Naye Akelo alitaka kumwamini, ila kijana alikuwa hayajui mawe ya Igombe, na yule mama wa miwani alikuwa amekwisha kusema kwamba watapita kwenye mawe.

Kija akapanda. Elias akainua mguu kupanda. Ndipo Mzee Abubakary akatokea nyuma ya kibanda, amevaa kofia yake safi ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Akampita Elias kama nguzo, akaingia, akaenda kukaa mbele, mahali pake. Hakusalimia mtu.

Akelo akamfuata, akainama.

“Mzee, asante. Lakini niambie ukweli. Leo ukisema kulia, ni ipi?”

Mzee akatazama mbele. Hakujibu.

“Mzee!”

Kija akatazama saa yake, akasema waondoke. Akelo angefanya nini? Kumshusha? Amewahi kumshusha mchungaji, lakini kumshusha mzee huyu hakuwa na ujasiri. Alirudi kwenye usukani, akawasha.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Kija alisema kulia, Akelo akatazama kijani, boti ikaenda kulia. Akasema kushoto, ikaenda kushoto. Wakapishana na boti ya mizigo kama alivyofundisha Masele. Kisha Kija akaonyesha ule mlango mwembamba kati ya mawe, ambao siku hiyo gugumaji lilikuwa limeuziba nusu nzima.

“Pita pale. Sasa mimi sisemi kitu. Msikilize mtu wako wa mbele.”

Nyasaye wangu, Mungu wangu, Akelo aliomba moyoni. Akapunguza mwendo. Kutoka alipokaa aliona majani tu, kijani kitupu, na mgongo wa mzee. Anajua kuna jiwe mle ndani, ila gugumaji likihama halisemi jiwe limebaki upande gani. Mzee aliinama. Akanyanyuka ghafla, kifua kikajaa pumzi kama kinavyojaa kila mara kabla ya ile sauti kutoka, na Akelo akakaza vidole kwenye usukani. Litatoka lile lile, mzee mwenyewe alisema. Kama ni kulia yake, nizungushe kushoto. Kama ameibadili kwa ajili yangu, nizungushe kulia. Nikikosea ni jiwe, na baada ya jiwe ni tiketi.

Mzee Abubakary akafumba mdomo. Aliufumba kwa nguvu, mpaka mashavu yakavimba, na badala ya neno akanyoosha mkono wake wa kulia, umenyooka kabisa, kama bawa.

Akelo akazungusha kulia. Jiwe lilipita ubavuni, jeusi, limelowa, karibu kiasi cha kuligusa kwa mkono. Mkono wa mzee ukashuka, ukapanda wa kushoto, Akelo akafuata kushoto. Wakatoka upande wa pili kwenye maji safi. Hakuna aliyekuwa amesema neno tangu waingie.

Kija alivua miwani akaifuta.

“Mzee, mbona huiti? Niliambiwa una sauti.”

“Ninayo,” Mzee Abubakary alisema polepole, bila kugeuka. “Ila neno langu lina makosa kwenye boti hii. Nikilisema nitamponza. Nimeona nilibakize mdomoni.”

Leseni ilitoka. Akelo aliichukua mjini mwenyewe, na kwenye picha yake amenuna kama mtu anayedai deni. Bimdogo alimkumbatia pale pale dukani kati ya mifuko ya saruji. Elias alibaki kuwa msaidizi wake, na leo wanaelewana. Kucha amezifuta, hazihitaji tena, ila Princess ametunza chupa zile mbili za rangi.

Jumapili ya kwanza walibeba maharusi. Watu walipiga picha, wakaimba, wakavaa majaketi juu ya magauni yao kwa manung’uniko, kwa kuwa nahodha alikuwa ni yeye yule. Wakati wa kurudi, walipoingia kwenye mawe, shangazi wa bibi harusi, mama mwenye kofia kubwa, alimsogelea Akelo akamnong’oneza.

“Samahani, dada nahodha. Yule mzee wa mbele ni bubu?”

Akelo alitazama ule mgongo, na ule mkono uliokuwa unapanda kimya kimya kuelekea kulia. Akazungusha usukani kwanza.

“Si bubu, mama,” alisema. “Ananinyamazia mimi.”

Kule ufukweni wanaoanika dagaa waligeuka wakashtuka kuiona boti imeshafika, na chai ilikuwa bado haijabandikwa.